Niliandika Nywila, Wao Wanasema Namba ya Siri

Mama mmoja anayeuza dagaa jirani na kibanda changu cha ufundi simu, hapa Kiseke, Mwanza, alitapeliwa shilingi 180,000 akiwa ameegemea karatasi niliyoiandika kumwonya. Alikuwa akiongea na simu, mgongo wake umefunika maneno niliyoyachapa kwa fahari: "Usalama wa Kimtandao na Umuhimu wa Kulinda Nywila".

Mimi nilikuwa ndani, nimeinamia simu iliyoingia maji. Nilimsikia akisema, "Sawa baba, ngoja nikurudishie." Nikadhani ni mteja wake. Kumbe aliyepiga alikuwa amemtumia ujumbe uliofanana kabisa na ule wa kupokea pesa, kisha akampigia akilia kwamba amekosea namba na pesa hiyo ni ya kumtibu mtoto. Mama akausoma ujumbe, akaamini, akatuma pesa yake mwenyewe. Alipoangalia salio, hakukuwa na kilichoingia. Pesa iliyoondoka ndiyo aliyokuwa anunulie mzigo kwenye soko la Mwaloni kesho yake alfajiri.

Nilimuuliza, "Mama, ile karatasi ukutani hukuiona?"

"Mwanangu, naiona kila siku. Si mambo yenu ya kompyuta yale?"

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikiandika kurasa za teknolojia kwa ajili ya watu wa mtaani kwangu. Nachapa steshenari, natoa kopi, moja nabandika kibandani, nyingine naziacha saluni, kwa wakala na kwa vijana wa bodaboda kituoni. Pesa ya kopi ilitoka mfukoni mwangu, kwa hiyo nilibananisha herufi ndogo kutoka juu mpaka chini ili karatasi moja ibebe kila kitu. Nikajaza nywila, kirambazaji, uthibitishaji wa hatua mbili, hifadhi ya ndani ya kifaa. Nakiri leo kwamba msomaji niliyekuwa nikimwona kichwani alikuwa fundi mwenzangu wa mjini, apite, asome, aseme huyu jamaa anajua.

Sina ugomvi na istilahi. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, imekuwa ikifanya kazi ya kuzisanifu tangu 1967, na mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, ilikuwa kazi ya heshima kubwa kwa lugha yetu. Lakini neno lina njia zake za kuingia kwa watu. Wanafunzi wa Kenya wanafundishwa tarakilishi, sisi huku Mwanza tumebaki na kompyuta, na wote tunaelewana. Na tangu huduma za pesa kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, Mtanzania ameombwa kwenye kioo cha simu yake aingize namba ya siri, mara nyingi kuliko alivyowahi kuandika jina lake. Neno lilikuwa tayari liko mkononi mwake. Mimi nikampa lingine, halafu nikashangaa kwamba hakulichukua.

Nilizibandua kurasa zote. Kwa wiki mbili sikuandika kitu, nilisikiliza wateja tu na kuyaandika maneno yao kama yalivyotoka. Hakuna aliyesema hifadhi ya ndani ya kifaa. Walisema, "Fundi, simu imejaa." Walisema inakula bando, laini imefungwa, pesa imegoma kutoka. Nikaanza kuandika upya kwa maneno hayo hayo, jambo moja kwa karatasi moja, herufi kubwa ambazo mtu anaweza kuzisoma akiwa juu ya pikipiki, na juu kabisa swali la msomaji badala ya mada yangu.

Karatasi ya kwanza nilimpelekea mama wa dagaa kabla ya kuitolea kopi. Kichwa chake kilikuwa: "Amekutumia pesa kwa makosa? Angalia salio kwanza." Chini niliandika kwamba ujumbe mtu yeyote anaweza kuutunga, ila salio lako hawezi kulitunga. Akasoma polepole, akafika nilipoandika "thibitisha muamala", akasimama. "Nithibitishe kwa nani?" Nikafuta, nikaandika "piga menyu mwenyewe uone salio lako". Akaendelea mpaka mwisho, akanyamaza kidogo.

"Na huyo anayelia mtoto wake anaumwa, nimwambieje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemweleza mashine inavyofanya kazi, na yeye hakuibiwa kwa kutojua mashine. Aliibiwa kwa huruma. Katika malezi yetu mtu akikulilia humkatii simu, na tapeli anaijua adabu hiyo vizuri kuliko nilivyoijua mimi mwandishi. Tukakaa pale kwenye benchi, yeye na mimi, tukatafuta sentensi ambayo mtu mwenye utu anaweza kuisema bila kuona haya: "Ndugu, wapigie mtandao wako namba 100, watakurudishia wao." Niliiweka katikati ya karatasi, kubwa kuliko maneno mengine yote. Hiyo ndiyo watu waliyoishika. Nilikuja kuisikia kwa kijana wa bodaboda nisiyemfahamu hata jina, akiitamka kwenye simu nje ya kibanda kwa sauti ya upole kabisa, kisha akairudisha simu mfukoni. Baadaye niliposikia kampeni ya kupinga utapeli wa mitandao ikiitwa Sitapeliki niliipenda papo hapo, maana ni neno moja ambalo mtu anajisemea mwenyewe.

Jambo la pili nililofanya ni daftari. Nimelifunga kwa uzi kando ya karatasi, na kalamu yake. Mwanzoni waliandika watoto tu. Kisha yakaja maswali. Nitajuaje kama kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho changu bila mimi kujua? Nikajibu kwa karatasi ya wiki iliyofuata: piga *106# uone. Ujumbe wa tapeli niupeleke wapi? Utume kwenda 15040. Mvuvi wa Igombe aliuliza afanye nini simu ikidondoka ziwani usiku, nikamwandikia aizime, atoe laini, na asiichaji mpaka ikauke, hata kama imeonekana kuwaka. Mada zote za mwaka huu zimetoka kwenye daftari hilo, na sasa ni la tatu.

Shilingi 180,000 za mama hazikurudi. Alianza upya kwa ndoo moja ya mkopo, na karatasi zangu zote bado zinapita kwake kwanza.

Ndugu yangu unayeandika kuhusu simu, kompyuta au huduma yoyote mpya, nakuomba: kabla hujachapa, msomee mtu mmoja ambaye pesa yake iko hatarini. Akikuuliza swali, usimjibu kwa mdomo tu. Liandike.