Riziki Inaporudishwa Majini

Wengi wetu katika ibada ya Kiswahili hapa Kent, jimbo la Washington, tulikulia kando ya Ziwa Tanganyika: Uvira, Baraka, Kigoma. Kwetu mgebuka aliyeingia mtumbwini ni chakula, na kilichobaki ni kumshukuru Mungu. Ndiyo maana tulipoanza kwenda Mto Green, mwezi wa tisa samoni wanapopanda kutoka baharini, kilichotushangaza hakikuwa baridi wala bei ya leseni. Ni kumwona mtu mzima akishindana na samaki robo saa nzima, akimtoa ndoano kwa upole, kisha akimwachia aende zake. Mama mmoja aliuliza, "Huyu baba, kwake wameshiba?"

Sheria tulijifunza upesi. Samoni waliototolewa vituoni hukatwa pezi dogo la mgongoni, lile la karibu na mkia, wakiwa bado wachanga. Mahali pengi, asiye na pezi hilo unaweza kumchukua kwa idadi iliyowekwa. Aliye nalo huhesabiwa kuwa mzaliwa wa mto, naye hurudishwa. Hata kumwinua juu ya maji kwa ajili ya picha hairuhusiwi.

Sababu ipo. Chinook, aliye mkubwa kuliko samoni wote, aliwekwa mwaka 1999 katika orodha ya viumbe wanaotishiwa kutoweka katika maji ya Puget Sound. Mabwawa yamemfungia njia, na miti iliyoutia mto kivuli imekatwa. Tena jike anayerudi mtoni amekwisha kuacha kula. Nguvu aliyobaki nayo ni ya kufika kwenye changarawe, kuchimba kwa mkia na kutaga maelfu ya mayai. Kisha anakufa. Hana mwaka mwingine wa kujaribu.

Wazee wetu wanatukumbusha wavu wa Petro: samaki 153, na hatusomi kwamba hata mmoja alirudishwa. Bwana mwenyewe alikuwa amewasha makaa. Ni kweli. Lakini katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aliyekuta kiota njiani anaruhusiwa kuchukua makinda, ila mama yao amwache aende. Kwa hiyo kuacha si desturi ya Wazungu tu walioshiba.

Kuna mwenzetu mwenye watu wanane nyumbani. Msimu uliopita alimnasa Chinook mzito kuliko mtoto wake mdogo, pezi likiwepo. Alimfungua ndani ya maji, akarudi mikono mitupu, na jioni ile walikula ugali na maharage. Sisi tunaiita sadaka, maana alitoa alichokihitaji.

Yule anayenasa kumi awaachie kumi, apate kufurahi tu, hatuwezi kumweka kundi moja naye. Samaki aliyechoka hufa baadaye, hasa maji yakiwa na joto au ndoano ikishika matamvua. Uswisi sheria inakataza kuvua kwa nia ya kuachia, na tunaona wamesema jambo la haki: kiumbe wa Mungu si mchezo.

Wapo miongoni mwetu wanaonung'unika kwamba Muckleshoot, wenyeji wa mto huu, huweka nyavu wakati sisi tunaambiwa tuachie. Haki yao inatokana na mikataba ya miaka ya 1850, na mwaka 1974 Jaji Boldt aliamua kwamba makabila yenye mikataba hiyo yana haki ya nusu ya samaki. Sisi tuliofukuzwa kwenye ardhi zetu tungekuwa wa mwisho kuwaonea kijicho.

Basi tumekubaliana hivi: anayepata samaki halali wa kumtosha hukunja mshipi hapo hapo na kwenda nyumbani, hata kama bado ni asubuhi. Maji yakipata joto hatuendi. Kuhusu aliyenaswa matamvua, anatoka damu na pezi lake lipo, sheria inasema mrudishe, nasi tunamrudisha. Ila juu ya huyo bado tunabishana kila Jumapili baada ya ibada, chai ikipoa.