Baiskeli Kuukuu: Mkono wa Fundi na Jicho la Mwenyewe

Mtu anunuapo baiskeli iliyokwisha kutumika hununua vitu viwili kwa pamoja: chombo cha kumfikisha aendako, na maradhi ya chombo hicho ambayo mwuzaji hakuyataja. Chombo hukiona siku ile ile. Maradhi huyaona baadaye, moja baada ya jingine. Hapo ndipo huzuka swali ambalo nimelisikia likibishaniwa mara nyingi katika mtaa wetu wa Kabalagala, hapa Kampala: je, mwenye baiskeli kuukuu aipeleke kwa fundi, au aitunze mwenyewe?

Mimi ni mwalimu wa lugha, wala si fundi. Ninayo baiskeli kubwa ya umbo lile la zamani la Kiingereza, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma, na keria iwezayo kubeba gunia. Kila asubuhi keria hiyo humbeba binti yangu wa miaka minane hadi shuleni kwake, kisha hubeba madaftari ya wanafunzi wangu. Aijuaye Kabalagala anafahamu kwamba kilima cha Muyenga kiko mlangoni petu, na kwamba Barabara ya Ggaba haina saa ya kupumzika kwa magari na pikipiki. Basi nisemapo habari za breki sizungumzi nadharia tupu. Nazungumza habari za mtoto aliyeketi nyuma yangu, amenishika kiuno, nasi tunateremka.

Wako wasemao kwamba kila kazi ina mwenyewe, na kwamba mwalimu mwenye spana ni sawa na fundi mwenye chaki. Hoja yao ina uzito. Tuchukue gurudumu peke yake. Katika baiskeli za umbo hili, gurudumu la mbele aghalabu huwa na spoku 32 na la nyuma 40. Kila spoku huivuta rimu upande wake, na rimu hukaa sawa kwa sababu mivuto hiyo yote imelingana. Ukaze moja kupita kiasi, rimu itahama. Uilegeze nyingine ili kuirudisha, nayo itahama kwingine. Fundi aliyezoea hulizungusha gurudumu, akaweka kidole karibu na rimu, akajua papo hapo ni spoku ipi inayodai na ipi inayodaiwa. Ujuzi huo haupatikani kwa alasiri moja ya Jumamosi.

Wako na wasemao kinyume chake, nao pia nawaelewa. Niliponunua baiskeli yangu niliipeleka katika karakana moja mjini, nikaomba ikaguliwe yote. Ilikaa siku nne. Niliporudi nilipewa hesabu iliyokaribia nusu ya bei niliyoinunulia. Rangi ilikuwa imeng'arishwa, kengele ilikuwa mpya, na kiti kilikuwa kimevikwa ngozi nyekundu. Nilipoinama kutazama vipira vya breki niliona ni vile vile vya kwanza, vimelika hata chuma kinakaribia kugusa rimu. Sikugomba. Niliviondoa pale pale mbele ya macho yao, nikawauliza kama wao wangempakia mtoto wao. Walivibadilisha bila neno.

Tukio hilo ndilo lililonifundisha jinsi ya kulijibu swali letu. Fundi ana mkono, lakini jicho ni la mwenyewe. Mkono unaweza kukodishwa, jicho halikodishwi. Fundi huiona baiskeli mara moja katika miezi mitatu. Wewe uko juu yake kila siku, nawe ndiwe wa kwanza kuisikia inapoanza kulia. Kwa hiyo kazi hizi mbili hazigombani, ila kila moja ina mpaka wake.

Kazi za mwenyewe ni zile zitakazo kuangaliwa mara kwa mara kuliko zinavyotaka ustadi. Kwanza ni upepo. Tairi lililolegea hupasuka kandokando na huufanya mlima kuwa mlima mara mbili. Ukiona upepo unapungua polepole, usikimbilie kubandua tairi. Tia mate kidogo kwenye mdomo wa valvu utazame. Likifura povu, aghalabu kilichochoka ni kile kipira chembamba cha ndani ya valvu, nacho hubadilishwa kwa dakika moja. Kama si valvu, toa mpira wa ndani, uujaze upepo na kuuzamisha katika karai la maji. Penye mapovu ndipo penye tundu. Kausha, kwaruza kwa msasa, paka gundi, ngoja ikauke hata isishike kidole, ndipo ubandike kiraka. Wengi hukosa subira katika hatua hiyo ya kungoja, kisha huilaumu gundi.

Pili ni mnyororo. Usiumwagie mafuta juu ya vumbi, maana mafuta na vumbi jekundu la Kampala hufanya msasa utafunao chuma. Ufute kwanza kwa kitambaa, kisha tia tone moja moja. Nao unaweza kupimwa kwa rula ile ile ya darasani: pingili 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, zapaswa kuwa na urefu wa inchi 12 kamili. Zikizidi kwa thumuni ya inchi, mnyororo umekwisha kulika. Ukiuacha, utayala na meno ya magurudumu yanayouvuta, na gharama itakuwa mara tatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu ni breki na nati zote, ambazo mimi huzikagua kila Jumapili jioni. Nne ni pedali. Hapa pana siri ndogo inayowatoa watu jasho: pedali ya kulia hufunguliwa kama skrubu nyingine zote, lakini ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume. Asiyelijua hilo huikaza kwa nguvu zake zote akidhani anaifungua.

Kazi za fundi ni zile zitakazo mkono uliozoea au chombo maalumu: kunyoosha rimu, kubadilisha gololi za ekseli, kugonga kotapini bila kuiharibu, na kuchunguza fremu yenye ufa. Ufa wa fremu usiufanyie majaribio nyumbani hata kidogo. Kwa kazi hizo mimi huenda kwa fundi wa kando ya njia, asiye na kibao wala risiti, ambaye hunifanyia kazi mbele ya macho yangu.

"Mwalimu, leo ina nini?" huniuliza.

"Fundi, gurudumu la nyuma linayumba kuliani, na ekseli inanguruma nikipanda mlima."

"Basi ni gololi hizo. Keti utazame."

Neno lake hilo, keti utazame, lina thamani kuliko risiti. Lakini ndugu walimu, angalieni pia kwamba niliweza kumweleza. Mwenye baiskeli asiyejua jina la kitu husema "kile kidude cha pale kati", naye fundi asiye mwaminifu atamtoza vidude vitatu. Kulijua jina ni nusu ya matengenezo. Na majina hayo yamo katika vinywa vya mafundi kabla hayajafika katika kamusi zetu. Hapa Buganda baiskeli huitwa *eggaali*, neno lililo ndugu wa "gari" letu, na tairi ni *omupiira*, ndugu wa "mpira". Mwanafunzi wa Kampala adhaniye kwamba Kiswahili ni lugha ya mbali amekwisha kukipanda njia nzima ya kuja shuleni. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, tumekuwa tukilalamika juu ya uhaba wa vitabu. Kilio hicho ni cha haki. Hata hivyo, baiskeli moja iliyopinduliwa mbele ya darasa, magurudumu juu, ni somo zima la msamiati, la ngeli na la vitenzi vya amri.

Liko jambo la mwisho. Boda boda, iliyoanzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, ilikuwa kazi ya baiskeli kabla haijawa ya pikipiki, na ilivuta kila mahali mafundi wa kuzihudumia. Pikipiki zilipochukua abiria ziliwachukua na mafundi. Huyu wetu naye hutengeneza pikipiki siku nyingi kuliko baiskeli. Tukijifanyia kila kitu wenyewe kwa ajili ya kuokoa shilingi chache, ataiweka kando kabisa ile spana yake ndogo ya spoku, na siku rimu itakapopinda hatutakuwa na wa kumwendea.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenzangu anunuaye baiskeli kuukuu ni huu: kabla hujaipanda, mpelekee fundi aifungue yote mbele yako, nawe umwulize jina la kila kitu akitoacho. Mlipe vizuri. Kisha nenda dukani ununue pampu, spana, kopo la mafuta na viraka, uvitie katika mfuko mmoja, na uchague siku ya juma ambayo hutaiacha ipite bila kuinama.