Bwawa la Mzee Juu ya Mto Kimemi

Ukiupa mgongo mji wa Butembo na kufuata vijito vinavyoshuka kuingia mto Kimemi, kelele za pikipiki zinabaki nyuma ya mikaratusi. Kwenye miteremko kuna maharagwe na migomba. Chini, penye tope, kuna mabwawa ya samaki. Mengi ni ya familia: watu walishika majembe, wakakusanya ndugu, wakaziba kijito.

Bwawa nililolifikia lina tuta lenye kimo cha watu wawili. Mwenyewe, mzee wa buti za mpira, alinionyesha kwa furaha tilapia wakigombania pumba. Nikamwomba tushuke nyuma ya tuta, kwa sababu huko ndiko afya yake inakopimwa.

Chini palikuwa na maji yakichuruzika. Mzee akakinga kiganja, akanionyesha: maangavu. Tuta la udongo halikosi kupitisha maji kidogo. Ya kuogopa ni yale yanayotoka na tope, maana yanalila tuta kutoka ndani mpaka yatoboe njia.

"Na hii miti, papa?" nikauliza. Alikuwa amepanda mikaratusi juu ya tuta.

"Mizizi inashika udongo, mwanangu."

Inaushika kweli, mti ukiwa hai. Ukikatwa, mizizi inaoza na kuacha vitundu ambavyo maji huvifuata. Nyasi fupi zingefaa zaidi; tena zingemwonyesha mapema mashimo ya panya na fuko.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni njia ya maji ya ziada: bomba moja la plastiki, mdomoni limefungwa wavu ili samaki wasitoroke, na wavu umejaa majani. Mvua kubwa ikinyesha, maji yatakosa pa kutokea na kupanda juu ya tuta. Udongo ukishapitiwa juu, hukatika haraka. Dawa yake inajulikana: mfereji mpana pembeni, kwenye ardhi ngumu isiyochimbuliwa, uliopangwa mawe.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, bwawa la shamba la mtu binafsi lilibomoka baada ya mvua nyingi na kuua watu zaidi ya 40. Wakuu wa maji walisema mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na kibali. La mzee ni dogo sana kando ya lile, ila mpangilio ni uleule: mali juu, watu wamelala chini.

Alipochimba, anasema, chini yake palikuwa mashamba matupu. Leo kuna nyumba za udongo mpaka ukingoni mwa kijito. Tuta halikuongezwa hata beleshi moja, lakini hatari yake imekua, kwa kuwa mji umepanda bonde kulifuata.

Kwenye nyumba ya kwanza nilimkuta mama akifua. Nikamuuliza kama analijua bwawa.

"Tunajuaka samaki yake tu, papa."

Mzee ameahidi kuchimba mfereji kabla ya mvua za Septemba. Kuna kazi nyingine isiyongoja kiangazi wala haihitaji jembe: ashuke mpaka kwa yule mama, ampe namba yake ya simu, amwambie kwamba kijito kikigeuka tope ghafla, ao kikikauka bila sababu, apande mlimani na watoto kwanza, kisha ndipo apige simu.