Jioni ya Tarehe 29: Sisi wa Cherehani na Mwezi wa Tumbe



Wengi mmetuuliza sisi mafundi wa Tumbe tunafanya nini uwanjani usiku, tumekaa na buibui zetu huku shingo ziko juu. Jibu ni fupi: tunatazama anga. Hatuna ofisi, hatuna kadi wala ada. Ni sisi wa cherehani, wenzetu wanaouza samaki dikoni, akina mama wa mwani wawili watatu, na mabinti zetu wa sekondari. Tuna mkeka, birika la chai ya tangawizi, na darubini moja ya macho mawili tuliyochangishana.

Anga si jambo geni kwetu. Wavuvi wa dagaa hutoka wakati wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa zao hazifui dafu. Wa mwani nao husubiri bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yatoke mbali wapate kufunga kamba zao. Wazee wetu walikijua Kilimia, na Zuhura kila mtu anaifahamu. Sisi tulichoongeza ni kukaa pamoja na kuulizana kwa nini.

Kwa mafundi, usiku mzito kuliko wote ni wa tarehe 29 ya Ramadhani. Nguo zimejaa mpaka kwenye viti, mteja mmoja anasema Idi kesho, mwengine anasema keshokutwa. Pemba mnaijua: nyumba moja, mama anangoja tangazo la hapa, kaka anafuata mwezi wa kimataifa. Huyu ameshavaa kanzu mpya, yule bado amefunga, na biriani inaliwa kwa kujificha. Tumeona ndugu wakinuniana mpaka Mfungo Mosi unakwisha. Ndiyo maana siku hizi tunafunga kazi ya vifungo na pindo usiku wa 28, kisha jioni ya 29 tunatoka kutazama.

Tulichojifunza ni hiki. Mwezi hukamilisha safari yake kwa siku 29 na nusu hivi, ndiyo maana mwezi wetu huwa wa siku 29 au 30. Ukishakutana na jua, huanza kuachana nalo kiasi cha nusu digrii kila saa, sawasawa na upana wake mwenyewe. Jioni ya kwanza unaweza kuwa karibu mno na jua, ukazama upesi nyuma yake, na jicho lisiupate kwenye ule wekundu. Lakini Mauritania jua huzama zaidi ya saa 3 baada ya kuzama kwetu. Kwa muda huo mwezi umeshasogea, umekuwa mkubwa kidogo, na unaonekana kwa wepesi zaidi.

Kwa hiyo aliyeuona huko si lazima awe mwongo, na sisi tusiouona Tumbe si vipofu. Nani afuatwe ni suala la masheikh, hatujipi kazi ya kuhukumu. Ila tangu tuyafahamu haya, nyumbani kwetu neno "mmedanganywa" limepungua, na sahani ya Idi inavuka uwanja bila maneno.

Usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa wote. Tangu saa 2:30 mpaka karibu saa 4 kasoro usiku ulikuwa mwekundu kama shaba, kwa sababu dunia imeliziba jua, na mwanga kidogo unaopenya kwenye hewa yetu ukaufikia ukiwa na wekundu wa magharibi. Mwenzetu mmoja alikuwa mjamzito, na mama mkwe alimkataza kutoka. Tulimwendea kwa adabu, tukamkumbusha kwamba jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), watu walidhani ni kwa ajili ya msiba ule, na Mtume akawaambia kwamba havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Mama alinyamaza, kisha akachukua mtandio wake akaja naye. Tuliswali sala ya kupatwa kwa mwezi pale uwanjani, kila rakaa kwa rukuu mbili, tukarudi kwenye mkeka.

Si kila mume alikubali mara moja wanawake wakae nje usiku. Tulikubaliana: uwanja uwe wa nyumba yenye wazee, simu zizimwe mwanga, na kabla ya saa 5 kila mtu kwake. Sasa baadhi yao ndio wanaotuulizia ile nyota inayong'aa ni ipi. Mara nyingi ni Mshtarii, na kwa darubini yetu vile vimwezi vyake vinne vinaonekana kama ushanga.

Wanaotutia moyo wapo. Kenya yuko Susan Murabana, anayezunguka na darubini yake kubwa shuleni na vijijini. Bara yuko Dk. Noorali Jiwaji, aliyeelimisha watu jua lilipopatwa kipete kule Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016.

Na tarehe 2 Agosti 2027, inshallah, jua litapatwa kabisa Luxor na Makka, nasi Pemba tutaliona limemegwa. Dada zetu, anzeni sasa kutafuta miwani maalumu ya kutazamia jua. Miwani ya kawaida ya jua haikingi macho, na jicho likiungua halishonwi.

Mkipita Tumbe tarehe 29 ya mwezi wowote, karibuni mkekani. Njooni na kikombe.

Wabillahi tawfiq.