Kilichonipatanisha na Msitu

Mimi ni mkulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Kaunti ya Kilifi. Nina mahindi, mihogo, minazi michache, na midimu nyuma ya nyumba. Msitu huu wa kilomita za mraba 420 hivi ulikuwa kwetu jirani wa hasara. Usiku ndovu walitoka humo wakala mahindi, mchana nyani wakamalizia. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi kijijini, nami nikiwamo, tulitaka ukatwe tugawiwe mashamba.

Mwaka 1993 Mradi wa Kipepeo ulianza pale kwenye magofu ya Gede, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Habari zilipotufikia tulicheka: eti kuna watu wa kununua wadudu! Kumbe wananunua pupa, yaani viwavi waliojifunga tayari kugeuka vipepeo, ambao husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, wakatoke vipepeo kwenye nyumba za maonyesho. Nilijiunga kwa sababu ya karo.

Ufugaji ndio ulionifungua macho. Unamnasa kipepeo jike msituni kwa wavu, unamtia kizimbani pamoja na mmea wa kutagia. Wale wakubwa weusi wenye madoa ya manjano hutaka mti wa ukoo wa mdimu. Jike hugongagonga jani kwa miguu ya mbele kuonja, asiporidhika, hatagi. Kiwavi mchanga anafanana na kinyesi cha ndege, basi ndege wanampita. Akikua huwa wa kijani, na ukimgusa huchomoza pembe mbili laini zenye harufu kali. Pupa naye hangoji: ukichelewa kumpeleka Gede, ametoka na pesa zako zimeruka.

Hao wanaoruka ndio walionifanya niitazame bustani upya. Nyuki bado ndiye mchavushaji mkuu, sibishani na hilo. Lakini kipepeo huyu wa mdimu ana mrija mrefu unaofika chini kwenye ua jembamba lenye kina, na huona rangi nyekundu ambayo nyuki haioni vizuri. Tena hatulii: hunywa huku akipiga mabawa, chavua ikimpaka miguuni, kifuani na mabawani, kisha huruka mbali kabla ya kutua tena. Kwa hiyo chavua ya mmea mmoja hufika kwa mwingine ulio mbali. Tangu nijue hayo, mdimu mmoja nimewaachia viwavi waule wapendavyo, na ukingo wa shamba nimeuachia maua ya porini. Dawa ya wadudu haifiki huko.

Mahindi bado yanaliwa mara mojamoja, wala kipepeo hajanitajirisha. Ila hesabu yangu imegeuka. Ukifuga kizazi juu ya kizazi kizimbani bila kuongeza damu mpya, vipepeo hudhoofika. Lazima urudi msituni kutafuta majike wengine. Na hao wanaokunywa kwenye maua yangu, wengi wamezaliwa kwenye miti ya msituni ambayo sikuipanda. Siku hizi mtu akisimama barazani kudai msitu ugawanywe, mimi huomba nafasi ya kusema. Namuuliza: mbegu ya vipepeo tutaitoa wapi?