Daftari la Ami

Nilivuka Likoni kwa mara ya kwanza Jumamosi ya tarehe 8 Septemba 2018, begi mgongoni na kanzu mbili mkononi alizonipa mama nimpelekee ami. Kutoka Tanga hadi Mombasa si mbali. Ukiwahi basi la asubuhi, na mpakani, Horohoro na Lunga Lunga, wakakugongea muhuri bila maswali mengi, alasiri umefika. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sijawahi kutoka nje ya nchi. Kwenye feri, ambako aendaye kwa miguu halipi, wenzangu walitazama meli zikiingia Kilindini. Mimi nilitazama simu. Usiku ule kijana wa kwetu, Hassan Mwakinyo, alikuwa anapanda ulingoni Birmingham, Uingereza, na Tanga nzima ilikuwa imeshika roho mkononi.

Ami alikuwa akikaa Kibokoni, katika Mji wa Kale, ghorofa ya pili, juu ya kichochoro chembamba kiasi kwamba majirani wa pande mbili wangeweza kupeana chumvi madirishani. Baada ya kula akaniona nahangaika na simu isiyoshika mtandao.

"Lala, mwanangu. Matokeo hayakimbii."

Kulipokucha yalikuwa yamefika. Mwakinyo, aliyeitwa siku chache tu kabla ya pambano, alikuwa amemmaliza Sam Eggington raundi ya pili. Eggington huyo aliwahi kuwa bingwa wa Ulaya! Na usiku huohuo, ukumbi wa KICC Nairobi, Fatuma Zarika aliutetea mkanda wake wa dunia wa WBC dhidi ya Yamileth Mercado wa Mexico, majaji wawili wakimpa yeye na mmoja akimpa mgeni.

Ami akanishusha barazani. Muuza kahawa alikuwa ameshafika na dele lake, wazee wamejipanga, habari imetangulia.

"Watoka Tanga, wewe?" mmoja akaniuliza.

"Naam, shikamoo mzee."

"Marahaba. Basi leo hulipi kahawa."

Sikuwa nimempiga mtu yeyote, lakini nilikunywa vikombe vinne vya heshima ya Mwakinyo. Kwetu tunasema ngumi, wao wanasema ndondi, na furaha ilikuwa moja. Mzee mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akasema anaomba Mungu amweke hai awaone hao wawili, binti wa Nairobi na kijana wa Tanga, usiku mmoja kwenye ulingo mmoja.

Jioni ndipo ami alipotoa daftari. Lilikuwa la hesabu, jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula: tarehe, uzani, mshindi, aliyeshindwa, namna, raundi. Ndondi za kulipwa wakati ule zilikuwa na uzani kumi na saba, kutoka kilo 47.6 hadi ule wa juu usio na kikomo, na ami alikuwa na safu kwa kila mmoja. Nilidhani tofauti kati ya uzani mmoja na mwingine ni kubwa. Akanipeleka dukani kwake siku ya pili, akaweka paketi ya unga ya kilo mbili juu ya mizani ya viungo.

"Zarika anapigana kilo hamsini na tano na kidogo. Akiongeza hii, hata haijatimia, ameshaingia uzani mwingine na watu wengine. Kuna mtoto anashinda na kiu siku mbili kwa sababu ya paketi moja ya unga."

Niliwaona watoto hao kwenye ukumbi wa Tononoka, alikonipeleka jioni moja baada ya Alasiri. Ukumbini kulikuwa na joto kama tanuri. Kijana mwembamba aliruka kamba akiwa amevaa koti la mvua, zipu imefungwa hadi kidevuni, jasho likichuruzika kutoka mikononi hadi sakafuni. Alipomaliza alisukutua maji, akayatema yote. Hakumeza hata tone. Sijasahau macho yake yakiyafuata maji yale.

Jumapili iliyofuata alfajiri, Saul Álvarez alimshinda Gennady Golovkin kule Las Vegas, uzani wa kati, jaji mmoja akiona sare na wawili wakimpa Álvarez 115 kwa 113. Baraza zima lilibishana. Ami aliandika, akafunga daftari, na hakubishana. Baadaye akanifungulia ukurasa wa zamani: Seoul 1988, Robert Wangila, dhahabu ya Olimpiki, mshindi kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Kisha ukurasa mwingine, Julai 1994, Las Vegas hiyohiyo. Wangila ameshindwa, refa amesimamisha. Mstari ule haukusema kwamba Wangila hakupona. Ami alikuwa ameongeza pembeni, kwa wino mwekundu, neno moja: "Amefariki." Wangila alikuwa na miaka 26.

Tangu hapo siwezi kusoma matokeo ya ngumi kwa haraka. Kila mstari namtafuta wa upande wa pili, yule aliyeshindwa, nijue kama alirudi nyumbani salama.

Tarehe 22 Septemba Anthony Joshua alimsimamisha Alexander Povetkin raundi ya saba, uwanja wa Wembley. Joshua alikuwa na zaidi ya kilo 111, mara mbili ya Zarika. Katika daftari walipata mstari mmoja kila mmoja, kwa hati ileile. Nilimpenda ami kwa hilo. Magazeti niliyoyaona wiki ile hayakufanya hivyo.

Nilirudi Tanga mwanzoni mwa Oktoba. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Machi 2019, ami alinitumia picha ya ukurasa mpya. Mstari wa kwanza: KICC, Zarika amshinda Catherine Phiri wa Zambia kwa pointi. Mstari wa chini yake: KICC, usiku huohuo, Mwakinyo amshinda Sergio González wa Argentina, raundi ya tano.