Goti Langu na Miti ya Baba

Goti langu la kushoto lilianza kuvimba nikiwa kidato cha tano. Halikuuma sana, na hapo ndipo kosa lilipoanzia, maana kwetu Mawengi kitu kisichouma hakiitwi ugonjwa. Kila nikirudi likizo bibi alilikanda kwa maji ya moto, akalipaka mafuta ya nyonyo. Likawa linashuka, linapanda. Mwaka wa pili chuoni likagoma kushuka kabisa. Juu ya pia ya goti ungedhani mtu kaficha andazi chini ya ngozi.

Hospitali ya kwanza (sitaitaja) walipiga eksirei, mifupa ikaonekana mizima. Wakanyonya maji kwa sindano, nikarudi hosteli natembea kama bibi harusi. Wiki tatu baadaye andazi limerudi. Wakanyonya tena, likarudi tena. Mara ya tatu nikaambiwa huenda ni TB ya goti, nianze dawa. Sisemi walikosea kuiwazia, TB hushambulia hata maungio ya mifupa. Lakini ni dawa za miezi mingi, na kipimo cha kuthibitisha hakuna aliyekitaja. Usiku huo mwenzangu wa chumba akaingia Google kunisaidia, akatoka na saratani. Sikulala.

Katikati ya hayo nikaenda TP Njombe. Nilifundisha Baiolojia kidato cha pili nikiwa nimekaa, mguu nimeunyoosha mbele. Wanafunzi wakaniita Madam Kiti. Nilicheka nao, halafu usiku nikawa najiuliza: mwalimu asiyeweza kusimama vipindi viwili ataajiriwa na nani?

Niliporudi Dodoma nikamwona daktari wa mifupa, mtu mzima, hana haraka. Akalibonyeza goti taratibu, akaagiza ultrasaundi. Kwenye kioo, ndani ya yale maji, kulikuwa na vitu vinapepea kila akiligusa goti, kama majani ya mtoni. Akasema, "Mwanangu, kabla hatujakunywesha dawa za miezi, tupate MRI."

Kwetu Ludewa ukisikia MRI ujue ni safari na ni pesa. Bima yangu nilikuwa nimeiacha ikaisha, uzembe wangu mwenyewe. Bumu la shilingi 10,000 kwa siku halilipi kipimo cha laki kadhaa. Nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Goti?"

Siku hizo hakuwa anauliza masomo tena. Nikamtajia bei. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Ile miti ya bondeni imefika."

Haikuwa imefika. Ile paini aliipanda nikiwa darasa la nne, na alikuwa akisema itakaa mpaka imalizie nyumba. Wote wawili tulijua, na wafanyabiashara wa mbao nao wanamjua mtu mwenye haraka hata kabla hajafungua mdomo.

Kipimo nilifanyiwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa jirani na UDOM. Unavua kila chenye chuma, hadi vibanio vya nywele, unalazwa, na mashine inaanza kugonga kama gereji ya kunyoosha bodi za magari. Ukitikisika, picha inaharibika. Nilihesabu miti ya baba kichwani.

Siku ya majibu daktari alinionyesha picha mbili za goti lilelile. Ya kwanza, matawi madogo madogo yaliyoota kutoka kwenye utando wa ndani wa goti yaling'aa meupe, sawasawa na mafuta yaliyo chini ya ngozi. Ya pili, mashine ilikuwa imeamriwa kuzima mwanga wa mafuta: matawi yakawa meusi, maji yaliyoyazunguka yakabaki meupe. Nilisoma sumaku na haidrojeni kwenye Kemia nikidhani ni za mtihani tu. Kumbe haidrojeni iliyo kwenye maji na iliyo kwenye mafuta huitikia sumaku kwa tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye saratani. Ingekuwa damu iliyovujia humo muda mrefu, ile chuma yake ingeacha weusi kwenye picha zote mbili.

Jina lake ni lipoma arborescens. Ni nadra, si saratani, haiambukizi, na zaidi huwapata watu wazima kuliko wa umri wangu. Tiba ni kuuondoa ule utando kwa upasuaji, mara nyingi kwa matundu madogo na kamera. Ukiliacha goti hivyo miaka na miaka linaweza kulika.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikalia kwanza. Kisha nikapiga Mawengi.

"Baba, ni mafuta tu."

"Mafuta? Kwa mwili huo?"

Nina kilo arobaini na nane, ana haki ya kushangaa. Akataka jina. Nikamwambia ni Kilatini, uvimbe wa mafuta wenye umbo la mti. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo nimeuza miti kutafuta mti."

Bima nimeshakata upya. Upasuaji nimepangiwa baada ya UE, na daktari kanionya kwamba nitatembelea magongo kwa muda. Baba ameshachimba mashimo ya miche kule bondeni. Bibi anasema magongo ni mapema mno, nijaribu nyonyo mara moja zaidi.